Mkanda Ulipohamia Mguuni

Dada yangu hasahau ubaya. Anaukunja vizuri, anauweka kiporo, na siku akiupasha moto utaula mpaka umalize. Nasema haya nikimsifu, maana mimi ni mdogo wake na tumetoka tumbo moja.

Ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango unaofungukia barabarani, alikijenga kwa jasho lake kabla shemeji yangu, yaani mumewe, hajapata kazi ya kueleweka. Humo ndimo alimoweka cherehani yake ya kukanyaga, na humo ndimo utakamomkuta, tepu shingoni, pini mdomoni, akibishana na wateja kwa pembe ya mdomo bila kudondosha pini hata moja. Mwaka jana moyo ulimsumbua. Akalazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani na vidonge vyake na ruhusa ya daktari: kazi nyepesi afanye, tena asikae bure, kwa kuwa mwili wake unataka kutembezwa.

Ruhusa hiyo ilimchoma wifi yake, dada wa mume, anayeishi nao tangu aachike. Mimi namwita Mikono, kwa sababu haongei bila mikono. Akikusimulia alivyonunua nyanya utadhani anaogelea. Mikono alikuwa anakimezea mate chumba cha mbele ili afungue saluni.

"Kaka, huyu ni mgonjwa wa moyo," alimwambia shemeji, dada mwenyewe akiwa amesimama pale pale kama kabati. "Mkeo sasa ni mtu wa kukaa. Mwache akae."

Neno hilo dada alilimeza. Nilimwona akilimeza.

Shemeji si mtu mbaya, ila mbele ya dada yake hana kauli. Ikawa bahati yake kwamba wakati ule ule hospitali ilikuwa na utafiti. Walitaka kujua wagonjwa wa moyo wanautembeza mwili kiasi gani wakilinganishwa na watu wazima wenye afya. Kila mgonjwa aje na mtu wa rika lake asiye na maradhi, na wote wavae mkononi mkanda wenye kifaa cha kupima, wakilala na wakiamka, kwa wiki nzima. Mtafiti aliyegawa mikanda hiyo wagonjwa walimbatiza Daktari wa Saa, kwa jinsi ilivyofanana na saa. Dada alikwenda na Mikono, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine wa rika lake.

"Basi tungoje majibu ya hospitali," shemeji akasema, akishusha pumzi. "Yakionyesha mke wangu bado ni mtu wa kazi, chumba ni chake. Yakionyesha hawezi, dada yangu achukue."

Majibu yalikuja kwenye karatasi za rangi, nyekundu kwa kukaa na kijani kwa kujongea. Ya dada ilikuwa nyekundu tangu asubuhi hadi jioni. Ya Mikono ilimea kijani kama bustani. Daktari wa Saa alikuwa bado anaeleza kwamba hii ni duru ya kwanza tu na wasiitegemee sana, lakini Mikono alishafika mlangoni na karatasi yake.

Kesho yake cherehani ilihamishiwa stoo, kati ya ndoo na magodoro mabovu. Chumba cha mbele kikapata kioo na viti vya saluni, na ile karatasi ya kijani ikabandikwa ukutani kando ya kioo, ili kila anayesukwa aione. Wateja wa dada walifika, wakaona mabadiliko, wakageuza. Mimi niliingia mle nikatamani kuichana karatasi ile kwa meno.

Dada hakulia. Alirudi kwa Daktari wa Saa na swali moja tu.

"Mimi nakanyaga cherehani kutwa. Huu wekundu umetoka wapi?"

"Mama, mkanda wa mkononi unaona mkono," akamjibu. "Miguu yako haukuiona. Ndiyo maana tuna duru ya pili. Watu wale wale, ila safari hii mnavaa mguuni, halafu tunalinganisha."

Dada akamshukuru. Alinipigia simu akiwa bado kwenye korido ya hospitali, na sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Hapo nikajua kiporo kimewekwa jikoni.

Duru ya pili ilipoanza, Mikono alivaa mkanda wake kwenye kifundo cha mguu akauchezesha kama kikuku. Hakuuliza chochote. Mtu aliyekwisha kutangazwa mchapakazi ana haja gani ya kuuliza? Dada akaanza kumhudumia. Maji ya kuoga alimpelekea, chai alimletea kwenye kochi, na mto akauweka nyuma ya mgongo wake.

"Pumzika, wifi yangu. Wewe umekwisha kujionyesha."

"Angalau umekubali," Mikono akasema, akijipepea kwa gazeti.

Wateja wa saluni waliambiwa wavute kiti, na Mikono akawasuka akiwa amekaa papo hapo kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Stuli yenyewe aliileta dada. Kila alipokumbuka mkanda, Mikono alijipepea kwa nguvu zaidi akacheka peke yake, akidhani anaipatia mashine kijani chake. Dada naye alifagia, akapika, akaenda dukani kwa miguu, kisha akaingia stoo kukanyaga cherehani katikati ya ndoo. Nilipata hofu.

"Dada, na moyo?"

"Daktari kasema nijongee, basi najongea. Na moyo wangu, mdogo wangu, haujawahi kukaa pazuri kama wiki hii."

Siku ya majibu nilijipeleka mwenyewe hospitali. Jambo lile sikutaka kusimuliwa. Daktari wa Saa alizitandaza karatasi mezani, shemeji akainama kuzitazama. Ya dada ilikuwa kijani. Ya Mikono ilikuwa nyekundu, na si nyekundu ya kubahatisha.

"Huyu ndiye mgonjwa?" shemeji akauliza, kidole juu ya nyekundu.

"Huyo ndiye mwenye afya," Daktari wa Saa akasema, na hakuwa akitania. Alimwita daktari wa moyo, ambaye alimpima Mikono presha, akaipima tena, kisha akaketi mbele yake. Presha ilikuwa juu. Alimwambia bila kuzunguka kwamba asipoitumia miguu yake, atakuwa njiani kuja kulazwa pale alipolazwa wifi yake. Akapate baiskeli ya mazoezi akanyage kila siku.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mikono ya Mikono ilitulia mapajani.

"Baiskeli hatuna, daktari," dada akasema kwa upole. "Ila cha kukanyaga kipo."

Jioni ile shemeji alitoa viti vya saluni bila kuambiwa. Cherehani dada alikataa isibebwe na mwingine ila ndugu hao wawili. Mikono aliishika upande mmoja, kaka yake upande wa pili, wakaitoa stoo mpaka chumba cha mbele. Karatasi ya kijani ikabanduliwa, na palepale dada akabandika ile nyekundu ya Mikono. Nilimsihi aiache hapo mpaka rangi ipauke, naye akasema ndivyo alivyopanga.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuchukua gauni langu. Dada alikuwa mezani anakata kitambaa, pini mdomoni. Kwenye cherehani alikaa Mikono, jasho likimtiririka, akikanyaga.

"Wifi, miguu inawaka moto," alilalamika. "Nitakaa hapa mpaka lini?"

Dada alitoa pini zote mdomoni, moja baada ya nyingine. Hilo hakuwahi kulifanya kwa mteja yeyote.

"Wewe sasa ni mtu wa kukaa," akamwambia. "Kaa. Tungoje majibu ya hospitali."

Gauni langu lilikuwa limeshonwa kombo upande mmoja, pindo linapanda na kushuka, na nilijua ni kwa mkono wa nani. Nililivaa pale pale nikatoka nalo barabarani.