Kokoto za Chini ya Dirisha la Jiko

Nilikuwa napalilia mboga za lengalenga chini ya dirisha la jiko letu, hapa Lubumbashi, jembe likaanza kulia. Nikainama. Kokoto: moja nyeupe, inapitisha mwanga, moja nyeusi, laini, nyingine ina madoadoa kama yai la kwale. Udongo wetu ni mwekundu mtupu, na mawe yake yana rangi ya kutu, kila mtu anayajua. Haya yalikuwa mageni.

Mimi nikipata swali sili, silali. Niliyaosha, nikayapanga kibarazani, nikayalamba moja moja. Katika mji huu ukiokota jiwe unawaza shaba kabla hujalifuta vumbi, na mimi si malaika. Nikayakamulia ndimu, maana nilisikia jiwe la shaba hutoa mapovu. Hayakutoa chochote. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unatia ndimu ku majiwe? Basi ntakupikia bukari, ukule nayo." Bukari ndio ugali wetu.

Binamu yangu, aliyewahi kuchimba shaba kwenye migodi ya Kambove, alipita kutusalimu. Aliyageuza kiganjani, akanirudishia.

"Hakuna pesa humu," alisema. "Lakini haya haikutoka fasi moya. Na juu ya nini yote iko kipimo kimoya?"

Kweli, kila moja lilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Nilikuwa nimeyatazama kutwa bila kuliona hilo.

Kuuliza si ujinga, nikampelekea mama. Mama anakaa kwetu, na macho yake yamefifia. Siku hizi anawatambua watu kwa sauti. Mgeni wetu mmoja alipouma jiwe kwenye maharage mezani, mke wangu alimwondolea mama kazi ya kuyachagua. Alifanya kwa upole: "Mama, upumzike." Mama akapumzika. Akawa anakaa tu, mikono mapajani, naye tangu nizaliwe sijawahi kumwona hivyo. Iliniuma.

Aliyapapasa mawe, akaangua kicheko.

"Si njo mimi nilikuwa nayatupa? Nachagula maharagi, natupa majiwe kwa dirisha. Maharagi inatoka Zambia, inatoka Kivu, inakuya na majiwe ya kwabo. Jiwe kubwa utaliona ku soko. Kadogo kanatoka ukipepeta mu ungo. Ile iko sawa na haragi, njo inavunja meno."

Nikaitazama ile konzi ya kokoto, nikaelewa kwa nini sisi watoto wake wote tuna meno mazima.

Mama akapunguza sauti. "Umwambie muke yako anirudishie ungo yangu."

Nilimwambia. Mke wangu alisitasita, akamtazama mama pale alipokaa, kisha akaenda kuuleta ungo mwenyewe. Mchana wote mama alichagua kwa ncha za vidole, akiimba chinichini, na kila mara tulisikia jiwe likidondoka nje ya dirisha. Nilifurahi kama mtoto.

Jioni tulikula bukari na maharage. Mama hakugusa chakula chake. Alikuwa ametega sikio, anasikiliza tunavyotafuna.

Nikauma jiwe. Jino la nyuma lilipiga kelele mpaka machozi yakanilengalenga. Mke wangu aliacha kula, akanikazia macho. Mama naye akageuza uso upande wangu.

"Iko namna gani?"

Nikameza tonge lote, pamoja na jiwe.

"Iko muzuri, mama," nikasema, nikamega tonge jingine.