Wafanyakazi Wenzake na Mfiwa

Zamani ofisini tulikuwa watu wa kufa na kuzikana. Baba yake bosi alipofariki, tulijazana kwenye gari la mradi mpaka Mbeya, na jeneza nililibeba mimi hadi bega likavimba. Kisha ikaja amri ya kufanyia kazi nyumbani, kukutana ofisini mara mojamoja. Bosi akahamia kwao Mbeya. Wengine walibaki hapahapa Sumbawanga, wakanenepa, wakasahau njia za kwa wenzao. Hata kuandikiana tuliiachia akili mnemba. Unaiambia shida yako, inakuandikia kwa adabu ambayo hujawahi kuwa nayo.

Mama alipofariki nilitoa taarifa kwenye kundi la kazini: mazishi kesho, kijijini kwetu Pito. Kutoka mjini ni mwendo mfupi wa bodaboda. Rambirambi zikamiminika papo hapo, zote zikianza na "Katika kipindi hiki kigumu". Mpumbavu mmoja hakusoma hata alichotuma. Alimsifu marehemu kwa uongozi wake mahiri katika mradi. Mama alilima ulezi. Mradi wetu aliutumia kwa jambo moja tu, kuwaringishia majirani kwamba mwanawe ana kazi na watu wa maana.

Nikajipa moyo kwamba watakuja. Nikawanunulia na shada, wasije mikono mitupu mbele ya ukoo.

Makaburini, ndugu walipomaliza kuweka mashada, msemaji wa familia akaita, "Sasa wafanyakazi wenzake na mfiwa." Watu wakageuza shingo. Akaita tena, polepole. Hakutoka mtu. Niliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa sura zao za kwenye skrini.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa bosi: "Pole sana, mpendwa. Kwa kuwa leo uko nyumbani, utaweza kuungana nasi kwenye kikao saa tisa?"

Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama begani kwangu, akausoma ujumbe wote.

"Ndio wenyewe hao?"

"Wametuma salamu, kaka."

"Mama kafa akijua una kazi," akasema, wala hakupunguza sauti. "Kumbe una simu."

Shangazi zangu walisikia. Nikaliokota lile shada, nikapita katikati ya watu, nikaliweka mwenyewe juu ya udongo. Msemaji akanitazama, akainamia kipaza sauti.

"Wa kazini, asanteni sana kwa kuja."