Eda ya Mama Yakub

Mimi ni jirani yao wa ua kwa ua, na mdomo wangu hauna pazia, kwa hivyo nitasema.

Hadijah, mama yake Yakub, alikuwa mtu wa jembe. Jogoo wa Mumias waliwika akiwa tayari shambani. Usahaulifu ulikuwa umeanza kumnyemelea, chumvi mara mbili kwenye sufuria moja, lakini alicheka nasi tukacheka. Kisha mumewe, Mzee Abdulfatah, akafariki wiki ile tuliyokuwa tukipanda mahindi. Hadijah akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kutulia nyumbani kwake.

Eda ikiwa bado changa, akatoka kumtafuta marehemu. Tulimpata jioni katikati ya miwa, kiatu kimoja mguuni. Tangu hapo Shamsia, mke wa Yakub, akawa anafunga mlango kwa ufunguo. Simlaumu sana; Yakub yuko kazini Kakamega mjini, na Shamsia ana watoto na duka. Ila eda ilipoisha, hakusema. Mama mkwe akiuliza, alijibiwa, "Bado, mama," akarudi kitandani, pazia limeshushwa. Kichwa kikazidi kupotea, miguu ikalegea. Nilikuwa nikimwona natamani kuuvunja ule mlango.

Miguu ndiyo iliyompeleka hospitali. Daktari akapima damu, akasema vitamini D imeshuka mno. Mwili huitengeneza kwa jua. Mifupa inaihitaji, na inaonekana hata ubongo hauna raha ikipungua.

"Siahidi kumbukumbu itarudi," akasema. "Ameze dawa, na mumtoe nje."

Tulipomrudisha nyumbani, Hadijah akakataa katakata. "Niko eda. Mnataka watu wanisemeje?"

Shamsia akanitazama. Ule uongo sasa ulikuwa umewafungia wote wawili.

"Mama Yakub," nikasema, "eda hukatazanga mjane kurandaranda. Hapa uani ni kwako. Na kuku wanamaliza mahindi."

Kwa hilo akainuka. Tulimkalisha kando ya turubai la mahindi yaliyoanikwa, mikono ya gauni imekunjwa, fimbo mkononi. Akafukuza kuku. Kisha akachukua punje moja ya mahindi, akaitafuna polepole.

"Shamsia. Mzee si tulimzika tukipanda?"

"Ndio, mama."

"Ukifiwa wakati wa kupanda, eda huishanga mahindi yakiwa ya kuchoma. Haya yamekauka. Umenifungia eda ya nani?"

Shamsia akalia. 

Asubuhi iliyofuata nikamsikia Hadijah dirishani. "Niko eda, mwanangu. Shusha pazia."

Nikasubiri, moyo juu. Shamsia angeweza kulishusha, na mama mkwe asingejua.

"Twende tukalinde mahindi, mama," akasema, na mlango ukafunguka.

Hadijah akakaa juani, akatafuna punje, akauliza swali lile lile la jana. Mahindi bado hayajaingia ghalani, na kila asubuhi Shamsia hulijibu upya.