Mteja wa Bwana Kesho

Baba alikuwa fundi wa nguo za kiume, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho. Ukiulizia suruali yako, iko kesho. Ukija hiyo kesho, anakutazama kwa upole kama vile wewe ndiye mgonjwa, anasema, "Njoo kesho, nimebakiza vifungo tu," na kitambaa chenyewe hata hakijakatwa. Ulipomwingia ugonjwa wa kusahau, ule madaktari wanaouita Alzaima, ulimnyang'anya majina yetu moja baada ya jingine, lakini neno lake hilo haukuligusa. Mimi, binti yake wa mwisho, hunipokea mlangoni kwa kuniambia nguo yangu bado.

Aliposhindwa kukaa peke yake, kaka alimchukua. Maana yake ni kwamba Wifi ndiye aliyemchukua, kwani kaka yangu ni mtu wa kutoka asubuhi na kurudi kuuliza chakula kiko wapi. Wifi alimpa Baba chumba chenye mwanga, akamwekea kiti dirishani na kopo lake la sindano na uzi ili mikono isihangaike. Wifi ni msafi kupita kiasi. Kwake hata ndoo ya maji inafunikwa kwa kitambaa cha kutarizi. Nampenda, ingawa nikiingia anaangalia viatu vyangu kabla ya kuangalia uso.

Siku moja kaka alimsaidia Baba kuoga, akatoka bafuni amenyong'onyea. Mbavu za mzee zilikuwa zinahesabika. Tulishangaa, maana akivaa, suruali ilimkaa kiunoni sawasawa, na sisi watoto wa fundi hatumpimi mtu kwa mizani. Nguo haijapwaya, basi hajakonda. Wifi akaigeuza suruali ndani nje. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa, kisha kikapunguzwa tena, kwa mishono midogo iliyonyooka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bwana Kesho alikuwa amemaliza kazi kwa wakati.

"Baba," nikamwuliza, "hii suruali ya nani?"

"Ya mteja." Hakuinua macho. "Kila nikimpima amepungua. Maskini, sijui kama ana watu."

Wifi akaenda jikoni akafungulia bomba, maji yakamwagika bure. Nilijua analia.

Shangazi, dada yake Baba, alipopata habari hakulia, alisema. Mdomo wake hauna breki. "Kaka yangu kabaki mifupa, mkwe anazidi kunawiri," alisema mbele ya wageni, huku akila sahani ya pili aliyopakuliwa na mkwe huyohuyo. Tangu siku hiyo Wifi akawa anapika kama anayepikia harusi, na sahani ya Baba inarudi jikoni vilevile ilivyotoka.

Tukaenda hospitali. Damu, sukari, kifua, meno, koo, vyote vilipimwa, hakikuonekana kitu. Daktari akasema ugonjwa wenyewe unaweza kumkondesha mtu, na wengine husahau hata njaa. "Lakini kaeni naye mezani kwanza, mtazame kinachotokea. Akizidi kupungua itabidi tumlaze." Wifi alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Jumapili nikaenda kukaa mezani. Wifi alitandika kitambaa cheupe chenye maua ya uzi, ambacho mimi mwenyewe sijawahi kutandikiwa. Baba akanawa, akaketi. Kijiko hakukigusa. Alishika pindo la kitambaa, akalisugua kwa kidole gumba.

"Kitambaa kizuri hiki," akasema.

Wifi akatabasamu. "Ndivyo anavyosema kila siku," akaninong'oneza. "Ndiyo maana namtandikia vile vizuri."

Baba akaisukuma sahani taratibu mpaka mbali, akajipangusa vidole kwenye shati, akaweka mikono mapajani.

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na Wifi akanikata jicho. Yeye hakulelewa kwenye banda la fundi. Sisi tulilelewa humo, na sheria ilikuwa moja: chakula na kitambaa havikai meza moja. Niliwahi kuchapwa kwa ajili ya tone la mchuzi kwenye suti ya bwana harusi. Baba mwenyewe alikula uani, kwenye ubao mtupu, kisha akanawa hadi viwiko ndipo akarudi kazini.

"Wifi," nikasema, "mzee anaogopa kuchafua nguo ya watu. Unampa chakula juu ya kazi."

Alinitazama. Kisha akaondoa vyombo, akakivuta kitambaa kile, akakikunja. Ubao wa meza ukabaki wazi, pamoja na alama ya sufuria ya moto ambayo hakupenda mtu yeyote aione. Akarudisha sahani.

Baba akaupapasa ubao. Akakunja mikono ya shati, akala. Akala wali, akala maharage, akaomba mchuzi.

Sisemi amepona. Zipo siku anainuka katikati ya chakula, hajui alikuwa akifanya nini, na Wifi anamrudisha kwa maneno ya taratibu. Lakini mashavu yamerudi. Shangazi alipokuja na kuona meza tupu alisema siku hizi nyumba hii hata kitambaa hawana. Wifi alimpakulia tu.

Juzi niliwakuta dirishani. Baba alikuwa anafumua kiuno cha suruali, Wifi pembeni anamtungia uzi.

"Nguo yako bado," Baba akaniambia. "Nina kazi ya haraka. Yule mteja aliyekuwa anapungua, suruali inambana."

"Kanenepa?" Wifi akauliza.

"Kanenepa." Akakata uzi kwa meno, akainyoosha suruali kwenye mwanga. "Kumbe ana watu."

Wifi aliinamia sindano, akalitafuta tundu lake kwa muda mrefu, hakuliona.