Mistari Mitatu ya Mzee Melkiory

Mimi na rimoti ya luku, ile ya kuingizia umeme, hatujawahi kupatana, na nasema mapema ili mtu asije akadhani nitaisifia. Imegongewa ukutani kwangu, juu ya cherehani, kwa sababu chumba changu ndicho kilichokuwa sebule ya mwenye nyumba kabla hajahamia Bukoba na kutupangisha vyumba viwili vya mbele. Mimi fundi nguo niko huku, Mzee Melkiory yuko huko na mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Mita moja, watu wawili. Yuniti zikikaribia kuisha inalia pi, pi, pi, na anayeisikia ni mimi. Yeye ukuta unamkinga.

Naitwa Nadhira. Babu yangu alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akafika Karagwe, akaoa, hakurudi tena. Baba aliuza vitambaa Kayanga, mimi navishona hapa Kihanga, mwaka wa kumi na moja sasa. Marehemu mume wangu aliniachia cherehani na mabinti wawili, na wote nimeshawaoza. Watu wanasema nina ulimi. Ninao. Mjane asiye na ulimi hapa sokoni angeshona bure.

Utaratibu wa nyumba yetu ni zamu. Leo ananunua umeme yeye, ukiisha nanunua mimi, bila kuulizana nani katumia zaidi. Ikiwa zamu ni yake, ananunua kwa simu, ananakili zile tarakimu ishirini kwenye karatasi, anaipitisha chini ya mlango wangu, nami ndiye naingiza. Yeye haingizi, ana mtoto wa jicho, na vitufe vya rimoti vyenyewe vimefutika. Tano huioni, sita unaikisia. Ukikosea moja, unaanza upya. Ukimaliza zote ishirini bila kosa, basi siku hiyo umeme wa mtaa mzima unakatika na unabaki na yuniti zako za kutazama.

Zamu hizo alizipanga mwenye nyumba, na tangu siku ya kwanza niliona nimepunjwa. Mashine ya mayai inakula umeme usiku na mchana, siku ishirini na moja mfululizo. Mimi nina pasi na taa tu, hata cherehani nakanyaga kwa mguu. Nikimwambia Mzee Melkiory, ananijibu taratibu, "Mama, hiyo pasi yako ukiichomeka, mita inakimbia kama mbuzi aliyeona fisi." Alikuwa bwana afya huko Muleba kabla hajastaafu, kazoea kusema na wagonjwa, hapandishi sauti. Hilo nalo lilikuwa linaniudhi. Ugomvi wa mtu mmoja hauna raha.

Sasa mwaka ule kideri kilipita vijijini kikafagia kuku. Bibi Evaresta wa Ihembe, mama mtu mzima wa miaka sabini na kitu, kuku wake wote walikufa ndani ya wiki moja. Hawakuwa kuku wa kununua. Walikuwa vishingo weusi, wale wasio na manyoya shingoni, mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa, na yeye akawapa binti zake walipoolewa, na kwa hao binti nako kideri kikapita. Alichobakiwa nacho ni mayai thelathini na mawili aliyokuwa ameyatunza kabla ugonjwa haujaingia. Akayapanga kwenye kikapu, juu ya majani makavu ya migomba, akapanda bodaboda akiwa amekipakata kama mtoto.

"Waitu, ndugu yangu, mbegu yote imebaki humu," alimwambia Mzee Melkiory. Mjukuu wake wa mwisho alikuwa anaolewa Januari, na hakutaka aende mikono mitupu.

Mzee akayapokea, akayaweka kwenye mashine peke yao. Kila baada ya siku mbili Bibi Evaresta alikuwa anakuja kuyatazama. Anaanzia kwangu, namwamkia, anaitikia, anakaa kwenye benchi langu kuvuta pumzi, halafu anapita chumba cha pili na kuweka sikio kwenye mlango wa mashine. Nilimpenda yule bibi. Niseme hilo pia.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumamosi. Mzee Melkiory alikuwa na msiba Nkwenda, akaondoka alfajiri. Zamu ilikuwa yake, mita imeshaanza kuwaka taa nyekundu tangu jana, kwa hiyo kabla hajaondoka akanunua, akaandika, akapitisha karatasi chini ya mlango. Nikaiokota. Siku zote huwa ina mstari mmoja. Siku hiyo ilikuwa na mistari mitatu, kila mmoja tarakimu ishirini.

Hapa naomba msinitazame vibaya kabla sijamaliza. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba mita zinaboreshwa na mteja akinunua atapewa mafungu matatu ya namba. Nilisikia nusu nusu, nikadhani ni mambo ya Dar es Salaam. Mimi niliona mistari mitatu nikaelewa kitu kimoja: mzee kanunua mara tatu. Mayai yamekaribia, ana wasiwasi, kajaza. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo ile mashine inanilipa. Nitaingiza mstari mmoja, miwili naiweka, zamu yangu ikifika naitoa kimya kimya. Nani atajua? Miaka yote hiyo namlishia mashine, na yeye anilishie pasi kidogo.

Nikachukua mkasi, nikakata mstari wa chini. Ile miwili ya juu nikaikunja. Kwenye droo nisingeweka, mzee huwa anaingia kutafuta penseli. Koti la mteja wangu Hirwa lilikuwa limening'inia hapo, nimetoka kulishona vifungo, nikatia karatasi kwenye mfuko wa ndani. Ni ya dakika mbili tu, nikajiambia.

Nikaingiza mstari. Rimoti ikakataa. Nikaingiza tena polepole, nikitamka namba moja moja. Ikakataa. Mara ya tatu nikaanza kuitukana kwa heshima, mara ya tano bila heshima. Nikasema hii saba ya mzee labda ni moja, hii sifuri labda ni sita. Nikajaribu na hizo. Katikati ya vita hiyo Hirwa akaingia kuchukua koti lake. Ni mfanyabiashara wa Murongo, siku hiyo alikuwa anakwenda kutoa mahari ng'ambo, Uganda, na gari lilikuwa linamsubiri nje. Nikamwonyesha koti kwa kidevu bila kugeuka. Akalivaa, akasema limemkaa, akaondoka. Na mimi bado nagombana na ukuta.

Saa nne kasoro umeme ukazimika. Feni ndogo ya ile mashine, ambayo huwa naisikia hadi usingizini, ikanyamaza.

Nilimpigia Mzee Melkiory. Simu imezimwa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaimbiwa muziki mpaka salio likaisha. Nikavuka barabara hadi kwa Kauthar, mwenye duka linalouza umeme, nikamrushia kile kipande juu ya meza. Nikamwambia umeme wao mbovu, rimoti mbovu, nchi nzima mbovu.

Kauthar akakitazama. "Shoga, huu ni mstari wa tatu. Wa kwanza na wa pili iko wapi?"

"Ya nini?"

"Si ndiyo funguo? Unaingiza wa kwanza, wa pili, halafu huu wenye yuniti. Bila hiyo miwili, hata ukeshe, itakukatalia." Alinitazama vizuri. "Kwani mzee hakukupa yote?"

Nikasema hakunipa. Uongo ulitoka wenyewe, hata sikuutafuta. Nikanunua upya kwa pesa yangu, nikapewa mstari mmoja tu, maana funguo hutolewa mara moja, nikarudi mbio kuuingiza, nao ukakataliwa. Yale mafungu mawili yalikuwa sehemu mbili tu duniani: kwenye simu ya mzee iliyozimwa, na kwenye koti la Hirwa.

Nikaongeza salio, nikampigia Hirwa. Haipatikani. Anayeijua Murongo anajua habari hii: ukikaribia daraja simu inarukia mtandao wa ng'ambo, na kama hujajiunga ndiyo basi, umepotea hadi urudi. Nilipiga mara ishirini, labda zaidi. Kila mara yule mwanamke ananiambia nijaribu tena baadaye, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilitamani kumpasua.

Niliwasha jiko la mkaa nje, nikachemsha maji, nikajaza kwenye chupa za plastiki. Nikayatoa mayai ya Bibi Evaresta, nikayaviringisha kwenye vitenge vya wateja, vipande vya flana, kila kitu chenye joto nilichokuwa nacho, chupa katikati. Chupa zikipoa, nachemsha mengine. Mayai mengine nikayaweka kifuani, ndani ya nguo. Najua inachekesha. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na mita, na mzee aliyezima simu, na Hirwa na mahari yake, nilizunguka kwa wote, na kila nikizunguka nilikuwa narudi kwenye ule mkasi.

Saa nane Bibi Evaresta akaingia. Akanikuta nimekaa sakafuni na mayai kifuani. Nikamwamkia. Aliyatazama mayai kwanza.

"Umeme?" akauliza.

"Mita imekataa, bibi."

Akakaa chini kwa shida, akafungua kanga yake, akachukua mayai sita akayaweka kwake. Tulikaa hivyo hadi jioni, tukipokezana kwenda kuchemsha maji. Mara moja moja alitoa yai, akaliweka sikioni, akalirudisha. Sikumwuliza kasikia nini. Alininong'oneza kwamba mama yake naye alikuwa anafanya hivi, kuku akiliwa na kicheche huku mayai yamekaribia kuanguliwa. Akaniita mwanangu.

Saa kumi na moja na nusu simu ikaita. Hirwa. "Dada Nadhira, nimekuta karatasi ya namba kwenye mfuko, ni yako?"

"Soma," nikamwambia. "Usiulize kitu, soma."

Akasoma. Nikaingiza mstari wa kwanza, ukakubali. Wa pili, ukakubali. Wa tatu, yuniti zikaingia, taa ikawaka, feni ya mashine ikaanza kuvuma. Zile nilizonunua kwa Kauthar nikaziongeza juu yake, sikuzihesabu kuwa zamu. Saa saba na nusu zilikuwa zimepita bila umeme. Bibi Evaresta alinishika mkono akaubusu. Mimi nikamwambia nina kazi, nikageukia cherehani.

Mzee Melkiory aliporudi nilimweleza kwamba karatasi ilichanika, kipande kikapotea. Akakiokota kile cha mstari wa tatu kwenye meza, akakisogeza karibu na jicho lake zima. Ukingo wake ulikuwa umenyooka.

"Mkasi wako unakata vizuri," akasema. Akakirudisha mezani, akaenda kuyatazama mayai. Angenitukana ningemjibu.

Jumanne, siku moja baada ya siku yake, vifaranga vilianza kutoka. Vikatoka vitano. Tulisubiri hadi Jumatano jioni, halafu mzee akayavunja mengine moja moja juu ya gazeti. Vilikuwa vimekamilika, na manyoya. Ishirini na saba. Alivifunga kwenye gazeti akaenda kuvifukia nyuma ya nyumba.

Alhamisi Bibi Evaresta akaja na kikapu. Alivitazama vitano vyake kwa muda mrefu, akavipapasa shingo, kweli zilikuwa tupu. Akasema Mungu mkubwa, mbegu haijakatika. Halafu akakichukua kimoja, akanijia, akaniwekea kiganjani.

"Huyu ni wako," akasema. "Umeyakumbatia kutwa nzima. Hata mtu wa kwangu asingefanya hivyo. Mfuge, akikua utaniita nione."

Mmoja kati ya watano. Mzee Melkiory alikuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu. Alijua, na nilijua kwamba hatasema kamwe. Ningeweza kusema ahsante na mambo yakaishia hapo. Nilifungua mdomo niseme ahsante.

"Bibi, mita haikukataa," nikasema. "Mzee aliniletea namba zote. Mimi nilikata mbili nikaficha, nikidhani ni umeme wa ziada. Nilitaka ziwe zangu."

Alinitazama kama hajasikia vizuri, nikalazimika kusema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Mayai yalikuwa thelathini na mawili," akasema.

"Ndiyo, bibi."

Akanyoosha mkono. Nikamrudishia kifaranga. Akamweka kikapuni pamoja na wenzake, akafunika kwa kanga, akakaza ncha vizuri wasipigwe na upepo wa bodaboda. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nimesikia, Mama," na akatoka. Tangu Jumamosi alikuwa ananiita mwanangu.

Mzee Melkiory alimsindikiza hadi kwenye bodaboda. Mimi nilibaki kwenye cherehani, kiganja bado kina joto. Juu ya kichwa changu rimoti ikaanza kulia pi, pi, pi. Ilikuwa zamu yangu. Nikachukua simu nikanunua, nikaandika tarakimu zote kwenye karatasi japo hakuna aliyenidai karatasi, nikaenda kuipitisha chini ya mlango wa mzee aione kwanza.