Sina Haraka Hakuzama

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, siku babu yangu Hieronimo aliporudi kutoka kambi ya uvuvi akakuta tumeufanyia mtumbwi wake heshima kubwa. Nakuandikia habari zake kabla hamjamwaga saruji. Mjukuu wangu Felista ameniambia ninyi vijana mmekubaliana kuutoa Sina Haraka mtoni, muujengee jukwaa na kibanda cha bati karibu na daraja, wageni wakipita wapige picha. Nimefurahi kusikia mnaupenda. Lakini nisikilizeni kwanza, maana ndimi niliyebaki ninayejua tulivyokaribia kuupoteza.

Ninyi mmeukuta mzee, una kiraka cha bati kichwani. Zamani ulikuwa mtumbwi wa mashindano. Babu aliuchonga kwa tezo kutoka gogo moja la mvule, akaufanya mwembamba kuliko mitumbwi ya kuvushia watu, mpaka mama yangu akasema ukikaa humo huna pa kuweka mguu wa pili. Jina la Sina Haraka alilitoa kwa utani tu. Kila sikukuu ya Petro na Paulo, misa ikiisha, watu tulishuka mtoni, mitumbwi ya upande wetu wa Ifakara ikashindana na ya upande wa Ulanga. Wapiga kasia wetu nawakumbuka wote: kaka yangu Otmari, aliyekaa nyuma kuongoza, Gaitani, Poncian, Severini, aliyetema mate viganjani hata kabla ya kushika kasia, na Juma wa Bibi Zena, ambaye kanisani hakuingia lakini pilau la sikukuu hakulikosa.

Wapogoro wa ng'ambo wakituona tu walianza: "Haya, Sina Haraka huyo! Mwacheni apumzike, mashindano yake ni mwakani!"

Otmari naye hakuwa na mdomo mdogo. "Shemeji zangu, rudini mkachimbe viazi! Maji haya hayalimwi kwa jembe!"

Mwaka ule tuliwashinda. Nilipiga vigelegele mpaka nikawa naongea kama jogoo anayejifunza kuwika.

Sikukuu ilipopita, babu akapanda mto kwenda kambini kwake. Kiangazi kikashika. Siku moja Otmari akaja nyumbani anahema: Sina Haraka umezama! Ameukuta nyuma ya matete, mahali maji yametulia, umelala chini kwenye tope, na ndani umejaa mawe. Mawe! Basi hatukuuliza mara mbili, tukajua ni watu wa ng'ambo, wameshindwa wamekasirika. Severini alitaka kuvuka siku ileile akamtafute mtu wa kumpiga. Bahati nzuri hakujua aanze na nani.

Vijana waliutoa, wakaubeba mabegani mpaka uani kwetu. Wakauosha, wakaupaka mafuta ya nyonyo, wakaulaza juu ya magogo, wakaujengea paa la nyasi. Sisi wasichana tulikwenda bwawani kuchuma mayungiyungi, tukaupamba kutoka kichwani mpaka mkiani. Watu walikuja kuutazama. Hata katekista alisimama akasema chombo hiki kimepata wenyewe. Uling'aa, mwanangu, ukitaka ungejitazama uso.

Haukupita muda. Tumekaa tunakula ugali mchana, tukasikia: paa! Kama mtu amevunja ukuni mkavu gotini. Tukatazamana. Ufa umefunguka kichwani kwa mtumbwi, kidole changu kikaingia. Otmari akaongeza mafuta. Kesho yake ufa umerefuka.

Ndipo babu akarudi na mzigo wake wa samaki. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile paa. Akaenda, akaingiza kidole ndani ya ufa kama daktari anayepima donda.

"Nani kamtoa huyu majini?"

Babu hakuwahi kuuita mtumbwi ule kitu. Siku zote alisema huyu.

"Ni sisi, babu," Otmari akasema, tena kwa kifua mbele. "Tuliukuta umezama. Watu wa ng'ambo waliujaza mawe. Tukauokoa."

"Hakuzama. Nilimzamisha."

Kifua cha Otmari kikashuka.

"Mawe niliyaweka mimi, kwa mikono hii, kama kila kiangazi ninyi mkidhani nimekwenda naye kambini," babu akaendelea. Hakupandisha sauti. "Kiangazi ukimwacha juu, jua na upepo vinamkausha, anapasuka. Chini ya maji analala salama mpaka siku ya kazi." Akatutazama mmoja mmoja. "Ninyi mmemwosha. Mmempaka mafuta. Mmemlaza, mmempamba maua. Mambo hayo hufanyiwa nani?"

Akanigeukia mimi, mjukuu wake wa kumtania. "Na wewe, mke wangu, sasa nikifa sina wasiwasi. Naona maua umeshajua kuyapanga."

Nililia, mwanangu. Angenichapa nisingelia vile.

Babu hakuturuhusu kuutupa majini kwa pupa. Tuliufunika magunia mabichi na tope, tukawa tunaumwagia maji asubuhi na jioni, kisha tukaulaza kwenye kina kifupi, mwisho kwenye kina kirefu na mawe yake. Ufa ulijifumba polepole kama mdomo wa mtoto anayesinzia, ila haukufika mwisho. Palipobaki babu alipashona kwa waya, akapaka lami, akagongelea bati. Ndicho kile kiraka mnachokiona.

Petro na Paulo iliyofuata Sina Haraka uliingia mtoni. Wa ng'ambo walitupita, wakapiga kelele kwamba sasa jina limemfaa mwenyewe. Babu alicheka kuliko watu wote. Alikuwa anatazama maji kama yanaingia ndani. Hayakuingia.

Mtumbwi huohuo ndio ulionivusha siku ya ndoa yangu. Mafuriko yalipofunga njia, uliwabeba wajawazito na magunia ya mpunga. Na kila kiangazi yupo aliyekwenda kuuzamisha: babu, halafu Otmari, halafu mume wangu, na sasa mjomba wako Deusi. Mnadhani umedumu kwa sababu ya mvule peke yake?

Basi shauri langu ni hili. Kibanda jengeni, ila kijengeni ukingoni, kiwe cha watu kukaa kutazama mashindano. Saruji ipelekeni kwingine. Petro na Paulo ikifika, mtoeni, mpige kasia, mtukanane kwa utani na wa ng'ambo kama zamani, kisha mrudisheni majini, na wadogo wayaone mawe yanavyopangwa ili siku moja wasije wakamwokoa kama tulivyomwokoa sisi. Mnachokipenda kipeni kazi yake. Msikipende mpaka kikakauka.

Na hapohapo niseme na langu. Tangu mpunga wa mwaka huu uingie, mmenikalisha barazani kwenye kiti cha plastiki, mmenivalisha kitenge kipya, na Felista ameninyang'anya ungo. Bibi pumzika, Bibi usijichoshe. Najua ni upendo. Lakini nikikaa hapo mchana nasikia viungo vyangu vinalia, na mlio wake naujua. Nirudishieni ungo wangu. Nitapepeta kidogo kidogo, sina haraka.

Mungu awatunze, wanangu, mto ukijaa na mto ukipungua. Mikono yenu isikose kasia, na mkifika uzee wangu, awepo wa kuwarudisha majini. Amina.