Usisimame Zinapofika Pembe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yanapata moto mpaka leo, na nimeona nikusimulie kabla hujapanda ulingoni Jumamosi. Ni siku niliyochekwa na ukumbi mzima pale Kayanga, nami nikawaamini waliocheka.

Ulikuwa hujazaliwa. Mchezo wenyewe ulikuwa mgeni kwetu. Mwalimu Projestus aliuleta kutoka Kampala: ngumi, mateke, mieleka na kukabana, vyote katika pambano moja. Wazee wa kanisani walisema hizo ni ndondi zilizokosa malezi. Mimi nilikuwa kijana wa Kituntu niliyekulia nyuma ya ng'ombe, mrefu, mwenye mikono ambayo mama yako bado anaitania. Babu yako, ambaye sote tulimwita Tata, alikuwa amenipa mwaka mmoja niache kuchunga nijaribu huo wazimu wangu. Siku ile alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Nilijua nikifanya vibaya mbele yake, mwaka wangu unaishia palepale na mchezo nimeuaga.

Mpinzani wangu alikuwa Evodius wa Kibingo. Ndiye huyohuyo unayemwita baba mdogo, anayekufundisha mieleka, kwa hiyo nisimseme sana. Lakini enzi zile alinitisha. Alikuwa mfupi, mpana, shingo imezama mabegani, amekua akibeba mikungu ya ndizi kupandisha mlima. Akishakukumbatia kiuno, habari yako imekwisha.

Mwalimu aliniwekea mpango ambao hata mtoto angeuelewa. Evodius ana mikono mifupi na anataka kukushika. Wewe una miguu mirefu, basi kaa mbali, mpige teke la paja, mguse uso kwa ngumi ndefu ya kushoto, zunguka, rudia. Raundi ya kwanza niliufuata. Paja lake lilivimba na ngumi zake zote zilipiga hewa. Sikuwa nimeguswa hata mara moja, na nakwambia bila haya kwamba nilipendeza.

Tatizo, watu hawakupenda. Walikuja kuona watu wakitwangana, si kuona mtu akizunguka. Raundi ya pili wakaanza kupiga miluzi. Mmoja, tena wa kijijini kwetu, akapaza sauti, "Huyu amekuja kupigana au kutafuta ndama aliyepotea?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamtafuta Tata kwa macho, nikamwona ameinamisha kichwa. Nikajua ananionea aibu.

Hapo ndipo nilipokosea, na ulisikilize vizuri kosa lenyewe. Sikuingia kifuani kwa Evodius kwa mpango, wala sikubaki mbali. Nilipiga hatua moja mbele, nikasimama pale kati, miguu imekita, tutupiane ngumi kama wanaume. Nilirusha mbili. Ya tatu haikutoka, kwa sababu Evodius alikuwa tayari chini ya mikono yangu. Alininyanyua kama anavyonyanyua mkungu, akanibwaga, akanipiga kabali, nami nikagonga sakafu kuomba aniachie. Waliokuwa wakinizomea ndio hao hao walioimba jina lake.

Asubuhi yake sikutaka kuonana na mtu, lakini Tata aliniita zizini.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Nishikie yule dume, nimtazame jicho."

Ulimkuta mjukuu wa mjukuu wa dume yule, kwa hiyo pembe zile unazijua. Nilimwendea kwa ubavu, nikapita haraka, nikajibana begani kwake nyuma ya pembe, nikamshika. Tata akaegemea uzio.

"Mbona hukusimama pale?" Alionyesha kwa fimbo nafasi iliyo mbele, hatua moja na nusu kutoka kichwani.

"Pale pembe zinanifikia, Tata."

"Na hapo ulipo?"

"Hapa hawezi. Akigeuza kichwa, shingo inamzuia."

"Na mimi huku kwenye uzio?"

"Wewe uko mbali."

"Jana ulisimama wapi?"

Nilibaki nimemshika yule dume, machozi yakanitoka, na nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nikamwambia kwamba watu walinicheka, na kwamba nilimwona yeye mwenyewe ameinama kwa aibu.

"Nani katika waliocheka amewahi kumshika dume huyu?" aliuliza. "Mimi niliinama nifunge kamba ya kiatu. Raundi ya kwanza nilifurahi mpaka nikawa nawasumbua waliokaa jirani. Nilijiambia, kumbe alikuwa akinitazama miaka yote hiyo ninavyozunguka zizi. Rudi mazoezini leo. Mwaka wako haujaisha."

Fikiria hilo, mwanangu. Nilipoteza pambano kwa sababu ya kamba ya kiatu.

Tangu siku hiyo mimi na mwalimu tulifanya kazi na sehemu mbili tu. Ya kwanza ni mbali, ambako mguu wangu unamfikia mpinzani na mkono wake haunifikii. Ya pili ni karibu kabisa, kifua kwa kifua, paji langu chini ya kidevu chake na mikono yangu ikipita ndani ya kwapa zake, ambako hana nafasi ya kurusha ngumi wala ya kunyanyua. Pale kati niliruhusiwa kupita, kusimama marufuku. Nikisahau, mwalimu alinichapa pajani kwa kandambili. Nilisahau mara nyingi.

Marudiano yalikuwa Kibingo kwenyewe, kwao Evodius. Walinizomea kuliko Kayanga. Nilimpiga teke la paja, nikazunguka. Waliponiita mkimbizi nikampiga lingine palepale. Raundi ya pili alinivamia. Safari hii sikumsubiri wala sikurudi nyuma, nilipita mwenyewe mpaka begani, nikamgeuza mgongo wake ukagusa kamba, nikamlegeza mbavu kwa goti, kisha nikatoka tena mbali kabla hajavuta pumzi. Raundi ya tatu mguu wake ulikataa. Alibaki pale kati, hawezi kuja, hawezi kuondoka, na mimi nikafanya kazi yangu kwa utulivu mpaka kengele. Majaji wote watatu walinipa mimi.

Kisha ukumbi ukanyamaza, maana mzee mmoja alikuwa amesimama. Tata, mtu ambaye hakuwa na maneno mengi hata siku ya harusi yangu, alinyoosha fimbo yake na kuanza kunisifia kwa Kinyambo chetu, yale maghani ambayo watu wetu huwasifia kwayo ng'ombe wazuri na wanaume waliorudi salama. Alitaja ukoo wetu, akataja nyayo zangu, akataja umbali wangu. Wazee wa Kibingo waliitikia, ingawa niliyesifiwa nilikuwa nimempiga kijana wao. Nililia tena. Sijui kwa nini nakueleza hilo, labda ujue unatoka kwa watu wa namna gani.

Sasa wewe. Najua kuna mtu alikuandikia kwenye simu kwamba unapigana kwa kukimbia, na nimekuona wiki hii mazoezini ukisogea sogea kati ili kumwonyesha. Acha. Aliyeandika hatapigwa Jumamosi, utapigwa wewe. Mpinzani wako ana mkono wa kulia mzito na miguu mizito zaidi. Mfanye atembee. Ukiona ameshusha pumzi baada ya kukosa, ingia kabisa, bega kwa bega, kisha utoke kabisa. Ukisikia kelele, jiulize swali moja tu: hapa niliposimama, nani anamfikia mwenzake? Jibu likiwa ni yeye, ondoka, hata ukumbi mzima ukicheka. Na ukishindwa, ushindwe mahali ulipopachagua mwenyewe.

Mungu akulindie macho yako na meno yako, akupe pumzi ya raundi zote tatu, akurudishe nyumbani kwa miguu yako. Lipo jambo ambalo Tata aliniambia siku ya pili, nilipokuwa nimekwisha kushindwa. Mimi nakwambia leo, kabla: nakuonea fahari, mwanangu. Jumamosi usinitafute kwa macho.